Kelele ya puli ya AC kwenye Corolla ya zamani

Habari ndugu. Umesema puli ya AC inakwaruza hata ukizima AC, na fundi anataka ubadilishe kompresa nzima, yaani pampu inayosukuma gesi ya AC. Usikubali bado. Vua kwanza mkanda unaoizungusha, zungusha puli kwa mkono: ikikwaruza au ikichezacheza, beringi yake imekufa. Corolla yangu ilinisumbua hivyohivyo, hasa asubuhi za baridi nikitoka Uyole, hapa Mbeya. Tulibadilisha beringi tu, gesi haikuguswa kabisa. Nenda sokoni Mwanjelwa kununua mpya, na beringi kuukuu mkononi, namba imechongwa pembeni yake. Na vile vijiringi vyembamba nyuma ya sahani ya klachi ya AC (ile inayoshika puli AC ikiwashwa), tafadhali usivipoteze! Ndivyo vinavyoacha ule mwanya wa takriban nusu milimita kati ya sahani na puli. Ukikosekana, klachi itasugua na kuungua. Kelele ikija AC ikiwashwa tu, hapo ndipo uishuku kompresa.