Uzi wa namba 20 ni upi?

SWALI: Shikamoo Mama. Nafuma masweta ya shule kwa mashine hapa Mafinga. Marehemu shangazi aliniachia daftari la vipimo, na kila ukurasa kaandika "2/20, hanki 560". Koni ninazonunua zimeandikwa "Nm 2/28". Nikifuata mishono yake, sweta linatoka dogo na jepesi. Nakosea wapi?
– Mfumaji, Mafinga

JIBU: Marahaba mwanangu. Hukukosea, wala shangazi hakukosea. Hiyo 560 ni yadi. Wasokotaji wa sufu iliyochanwa wa Bradford, Uingereza, walikunja hanki, yaani mafungu ya uzi, za yadi 560, kisha wakahesabu ratili moja (kama gramu 454) ya uzi inatoa hanki ngapi. Zikitoka 20, uzi ni namba 20. Ndiyo maana namba ikipanda uzi unakuwa mwembamba.

Ila hanki haikuwa moja. Ya pamba, kule Lancashire, ilikuwa yadi 840. Wa kitani walihesabu mafungu ya yadi 300. Wa sufu nzito wa Yorkshire walishika 256, kwa sababu ratili ina dramu 256: namba ya uzi ni yadi zinazotoka kwenye dramu moja. Hiyo naipenda sana, fundi hahitaji hata karatasi. Ni kama gunia la viazi pale Uyole: kabla ya bei, uliza kwanza ni gunia lipi.

Sasa 2/20 ni nyuzi mbili za namba 20 zilizosokotwa pamoja, kwa hiyo hanki 10 kwa ratili, kama mita 11.3 kwa gramu. Nm yako ni ya kilomita kwa kilo: 28 gawanya kwa 2, mita 14 kwa gramu. Kwa urefu uleule, uzi wako ni mwepesi kwa karibu sehemu moja ya tano. Hapa Tukuyu niliwahi kufuma masweta sita hivyo. Mzazi aliinua moja dirishani, mwanga ukapita. Niliyafumua yote.

Pima mwenyewe. Zungusha uzi kwenye mgongo wa kiti bila kuuvuta, maana uzi wa akriliki, ule wa kiwandani usio sufu, huvutika, hadi ufike mita 100, kisha mpelekee sonara mwenye mizani ndogo. Wa shangazi unakaribia gramu 9, wako 7 na kidogo. Ukipata Nm 2/24 utakuwa karibu naye zaidi. Hata hivyo fuma kwanza kipande cha mishono 40 ukipime kwa rula. Na pembeni ya kila "2/20" andika kwa kalamu: mita 11.3 kwa gramu.