Maswali ya Wasomaji: Dhahabu Nne za Kaori Icho

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesikia kwamba Kaori Icho wa Japani alitwaa medali ya dhahabu ya mieleka ya mtindo huru katika Olimpiki nne mfululizo. Aliwezaje kudumu kileleni muda wote huo katika mchezo unaoumiza mwili kiasi kile, na je, ni kweli kwamba alibadilisha uzito?

JIBU: Ndugu msomaji, uliyoyasikia ni sahihi. Icho, aliyezaliwa Hachinohe mwaka 1984, alishinda Athens mwaka 2004, ambako mieleka ya wanawake ilichezwa katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, kisha Beijing 2008 na London 2012, mara zote tatu katika kilo 63. Baada ya London madaraja ya uzito ya wanawake katika Olimpiki yaliongezwa kutoka manne hadi sita, likiwemo la kilo 58, na ni katika daraja hilo alikoshinda Rio de Janeiro mwaka 2016. Hakuna mwanamke aliyewahi kabla yake kupata dhahabu nne mfululizo za Olimpiki katika shindano la mtu mmoja mmoja. Kando ya hizo ana mataji 10 ya dunia.

Kuhusu kudumu kwake, binafsi naona jibu liko katika yale aliyoyafanya baada ya Beijing. Alipumzika mashindano, akaishi Canada kwa kipindi fulani, na aliporejea Japani akaanza kufanya mazoezi pamoja na wanaume wa timu ya taifa. Mbele ya watu waliomzidi nguvu, misuli haikuweza kumwokoa. Ilimbidi asome mikono ya mpinzani, amyumbishe kwanza, na ndipo aingie miguuni, jambo ambalo mtindo huru unaruhusu na ule wa Kigiriki-Kirumi unakataza. Mwanamieleka anayetegemea nguvu peke yake huanza kupungua miaka inaposonga, lakini ufundi wa namna hiyo hauzeeki haraka.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba njia ilikuwa laini. Siku chache kabla ya London aliumia kano za kifundo cha mguu, na bado akashinda. Januari 2016, huko Krasnoyarsk, Orkhon Purevdorj wa Mongolia alimshinda kwa pointi 10 kwa bila, tofauti ambayo kwa kanuni humaliza pambano papo hapo, na wengi wakaanza kumhesabu kuwa amekwisha. Miezi michache baadaye, katika fainali ya Rio, Valeria Koblova wa Urusi alikuwa akiongoza kwa 2 kwa 1 sekunde zikiyoyoma. Alipovamia mguu wa Icho, Icho akaligeuza shambulio hilo kuwa lake, akapata pointi mbili na kushinda kwa 3 kwa 2.

Alijaribu pia kuifuata dhahabu ya tano. Lakini kila nchi hupeleka mwanamieleka mmoja tu kwa kila uzito, na kwa Mjapani mchujo wa nyumbani huenda ukawa mgumu kuliko fainali yenyewe: mwaka 2019 Icho alishindwa na Risako Kawai, bingwa wa Rio katika kilo 63, ambaye ndiye aliyetwaa dhahabu ya kilo 57 katika Olimpiki ya Tokyo.