Pete za Zohali zimeshikwa na nini?

Dada, umesema mwanao amekuuliza kwa nini pete za sayari ya Zohali hazianguki wala kutawanyika, ukakosa la kumjibu. Anza kwa kumwondolea picha ya bangili. Pete zile ni vipande visivyohesabika vya barafu, vingine kama chembe ya mchanga, vingine kama nyumba, na kila kimoja kinaizunguka sayari kivyake kama mwezi mdogo. Mwanafizikia James Clerk Maxwell alionyesha kwa hesabu mwaka 1859 kwamba pete ya kipande kimoja ingevunjika.

Kwa hiyo hakuna gundi. Uvutano wa Zohali unakivuta kila kipande ndani, lakini kasi yake ya kwenda mbele inakifanya kiikose sayari daima. Kugongana kwa vipande ndiko kulikozifanya pete ziwe bapa: zimetanda makumi ya maelfu ya kilomita, ilhali unene kwa sehemu kubwa ni mita 10 hivi. Hili hunistaajabisha kila ninapolifikiria.

Akiuliza mbona vipande havijikusanyi viwe mwezi, mwambie hivi: karibu na sayari, upande wa mwezi unaoielekea sayari huvutwa kwa nguvu zaidi kuliko upande wa pili, mwezi ukararuka. Mwanahisabati Mfaransa Édouard Roche alikokotoa mwaka 1848 mpaka wa ukaribu ambao mwezi ukiuvuka huraruka. Mwezi au nyotamkia ya barafu ikiuvuka, inaweza kusagika ikawa pete.

Mkipata darubini inayokuza mara 30, mwonyeshe mwenyewe.