Mashine ya CPAP: Presha Ipande au Ishuke?

Maswali ya safari hii yanatoka kwa wasomaji walioanza karibuni kutumia CPAP nyumbani, ile mashine inayopuliza hewa ili koo lisijifunge usingizini. Presha yake hupimwa kwa sentimita za maji. AHI inayotajwa hapa ni idadi ya mara ambazo pumzi hukatika au kufifia kwa saa moja; kwa anayetumia mashine, lengo ni kubaki chini ya 5.

Swali: Mashine yangu hujipandisha presha yenyewe, na imewekwa kati ya 4 na 20. Nikivaa barakoa nahisi kukosa hewa, ndani ya dakika kumi nimeshaivua. Nikijikaza hadi nikalala, mke wangu anasema bado nakoroma. Inawezaje kushindwa ilhali ina nafasi ya kufika 20?

Jibu: Tatizo lako haliko kwenye 20, liko kwenye 4. Mashine nyingi za aina hii hutoka kiwandani zikiwa na kiwango hicho, na huenda kiliachwa makusudi ili mashine itafute mahitaji yako siku za mwanzo. Shida huanza pale kinaposahaulika hapo.

Kwa presha ya 4, watu wazima wengi huhisi wanavuta hewa kupitia mrija mwembamba. Tena mashine haijui yatakayotokea. Hupanda baada ya kunasa mkoromo, hewa inayopita kwa shida au koo lililoziba. Ikiwa koo lako linataka 10, kuna safari ndefu kutoka 4, na njiani pumzi inaendelea kukatika. Ukitulia inashuka, kisha inaanza kupanda upya.

Fungua ripoti ya mashine utazame namba mbili: presha ya katikati, na ile ya asilimia 95, yaani kiwango ambacho mashine haikukivuka kwa asilimia 95 ya usiku. Tuseme ya kwanza ni 8.5 na ya pili 10.5. Hapo kuna sababu nzuri ya kumwomba daktari akuwekee chini 7 na juu 13. Presha ya matibabu ni yake kuibadilisha, na mashine nyingi zinarekebishwa kwa mbali bila wewe kwenda kliniki. Ikishabadilishwa, ipe usiku tano hadi saba kabla ya kuihukumu. Usiku mmoja hauna ushahidi. Mafua au pombe tu vinatosha kuuharibu.

Yaliyo mikononi mwako ni mipangilio ya starehe. Angalia kwanza ule muda wa kupanda taratibu. Ukiwa umewekwa dakika 45 kuanzia 4, nawe unasinzia baada ya dakika 10, basi zaidi ya nusu saa unalala bila tiba kamili. Upunguze, au chagua hali ya kujiendesha inayosubiri usinzie, na uanzie 6 badala ya 4. Pili ni nafuu ya kutoa pumzi, ambayo kwa kawaida ina ngazi 1 hadi 3. Kwenye baadhi ya mashine kila ngazi hupunguza takriban sentimita moja unapotoa hewa, kwa hiyo presha ya 7 ukiiweka ngazi ya 3 unarudi kwenye 4 ile ile unayoikimbia. Na koo hupenda kulegea mwishoni mwa kutoa pumzi. AHI ikipanda baada ya kuongeza nafuu, umeshampata mchawi.

Swali: Presha inafika 16 lakini AHI bado ni 14. Asubuhi mdomo mkavu kama karatasi na barakoa imenichora usoni. Niombe ipandishwe zaidi?

Jibu: Hapana. Soma kwanza mstari wa uvujaji. Barakoa ina matundu yake ya kutoa hewa uliyokwisha kuivuta, na hayo mashine imeyahesabu. Kinachosumbua ni hewa inayotoroka pembeni au mdomoni. Kwenye baadhi ya mashine, ikizidi lita 24 kwa dakika kwa sehemu kubwa ya usiku, hata AHI inayoandikwa haiaminiki sana. Ukipandisha presha, hewa inatoroka zaidi. Ukikaza mikanda, mto wa silikoni unajikunja na kufungua upenyo mwingine. Hiyo michoro usoni ni dalili kwamba umeshakaza kupita kiasi.

Barakoa hairekebishwi ukiwa umekaa kitandani, kwa sababu uso hubadilika umbo ukilala. Osha uso, vaa, lala ubavu unaoupenda, washa mashine. Kama ina kipimo cha barakoa, kitumie, maana hupuliza kwa presha inayokaribia ya usiku. Kisha vuta barakoa mbele kidogo mto ujae hewa, iache irudi taratibu usoni. Legeza mikanda yote, halafu kaza kushoto na kulia kwa usawa mpaka kuvuja kunakoma, si zaidi. Mto wenyewe ufutwe kila siku. Mafuta ya ngozi huufanya uteleze.

Mdomo mkavu unasema hewa inatokea mdomoni. Kama unatumia barakoa ya pua tu, tibu pua iliyoziba na ongeza unyevu ngazi moja moja. Ukiona maji yanagugumia ndani ya mpira, umezidisha, au chumba ni baridi kuliko hewa iliyomo. Isiposaidia, jaribu mkanda wa kidevu au barakoa inayofunika pua na mdomo. Hii ya pili wakati mwingine husukuma taya nyuma na kudai presha kubwa kidogo, kwa hiyo anza kuhesabu usiku upya. Gundi ya kufunga mdomo hatuipendekezi, hasa pua ikiwa inaziba.

Na je, unalala chali? Ripoti ikionyesha matukio yamerundikana kwa vipindi badala ya kutawanyika usiku kucha, mlalo ndio wa kushukiwa kwanza.

Swali: Tumbo linajaa hewa usiku, naamka nabeua. Je, ni presha?

Jibu: Mara nyingi ndiyo, hewa inapita kwenye umio badala ya mapafu. Inua upande wa kichwani wa kitanda, lala ubavu, jaribu ngazi moja ya nafuu ya kutoa pumzi. Ikiendelea, daktari anaweza kushusha kikomo cha juu kwa sentimita 1, mkitazama AHI isipande. Kiungulia nacho kitibiwe.

Swali: AHI yangu ni 9, na 7 kati ya hizo zimeandikwa "njia wazi". Nilipandisha presha kutoka 9 hadi 12, zikaongezeka. Kwa nini?

Jibu: Pumzi inapokatika, mashine hutuma mitikisiko midogo ya hewa kupima kama koo limeziba. Ikikuta liko wazi, ina maana ubongo haukutoa amri ya kupumua. Presha haifungui kilicho wazi. Badala yake inaweza kukufanya utoe kabonidioksidi nyingi kupita kiasi, na hiyo ndiyo inayouchochea ubongo uamuru pumzi. Rudi kwenye presha ya 9, umjulishe daktari.

Apnea, yaani kukatika kwa pumzi, za namna hii zinazozuka mwanzoni mwa tiba, kwa wengi hupungua zenyewe ndani ya wiki kadhaa hadi miezi mitatu. Nyingine si za kweli: ukijigeuza ukiwa macho unabana pumzi, na mashine inaandika. Linganisha saa zake na saa ulizokuwa macho. Lakini kama una moyo dhaifu, umepata kiharusi au unatumia dawa za maumivu za jamii ya mofini, usisubiri miezi hiyo. Wala usiazime mashine ya ASV, ile inayorekebisha kila pumzi: utafiti wa SERVE-HF uliotolewa mwaka 2015 uliihusisha na vifo zaidi vya moyo kwa wagonjwa ambao moyo wao husukuma asilimia 45 au chini ya damu iliyomo kwa kila pigo.