Muuguzi wa Nne Tutamwombaje?

SWALI: Zahanati yetu iko upande wa Faza, kisiwani Pate. Kwenye karatasi tuna wauguzi watatu. Kila bajeti tukiomba wa nne, twajibiwa kuwa watu wa eneo letu ni wachache. Tupeleke hesabu gani?
Msomaji, Lamu

JIBU: Pelekeni saa za kazi. Shirika la Afya Duniani lina njia yake ya kukadiria wahudumu wanaohitajika kwa kupima mzigo wa kazi, iitwayo WISN, nayo yataka madaftari mliyo nayo tayari.

Mwaka una siku 260 za kazi. Toeni likizo 30, sikukuu 12, mafunzo na ugonjwa tuseme 14. Zabaki 204, yaani kwa saa nane kila siku, saa 1,632 kwa muuguzi mmoja. Kisha fungueni madaftari ya mwaka mzima: wajawazito, chanjo, wagonjwa wa nje, uzazi. Kila huduma izidisheni kwa muda wake ikifanywa sawasawa, si mbiombio. Mahudhurio 1,200 ya wajawazito kwa nusu saa ni saa 600. Jumlisheni zote, mgawanye kwa 1,632, mpate idadi ya wauguzi wanaohitajika. Ikiwa robo ya siku huishia kwenye ripoti, kuagiza dawa na usafi, gawanyeni tena kwa 0.75.

Visiwani hesabu huharibikia baharini. Muuguzi akimsindikiza mama kwa boti hadi hospitali ya King Fahd, daftari la rufaa huonyesha mstari mmoja tu, na huku saa sita zimekwenda. Kusi likichafuka, siku nzima. Safari 40 za namna hiyo ni saa 240. Andikeni saa ya kuondoka na ya kurudi.

Kama mwazalisha usiku, kuna hoja nzito zaidi. Zamu ya mtu mmoja isiyokatika usiku na mchana ni saa 8,760 kwa mwaka: watu watano na ushei, hata wagonjwa wawe haba.

Hao watatu wa karatasini nao wakaguliwe. Aliye masomoni akilipwa mshahara huhesabika yuko kazini, na hapo ndipo maombi mengi hukwama. Wekeni pia miaka ya kuzaliwa: kustaafu ni miaka 60, na diploma ya uuguzi huchukua kama miaka mitatu kabla ya usajili na ajira. Mwenye miaka 58 leo aombewe mrithi sasa hivi. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1, lakini bajeti yake huanza kupangwa tangu Agosti ya mwaka uliotangulia. Ombi la Mei huwa limechelewa.