Cheti cha wiki 6 hakikufikishi kwenye maabara ya uchunguzi wa jinai

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nimemaliza sekondari na nimefaulu vizuri kemia na baiolojia. Nataka kuwa mtaalamu wa forensiki. Nimeona mtandaoni kozi ya wiki 6 inayotoa "cheti cha kimataifa cha mpelelezi wa forensiki". Nikikipata, naweza kuanza kuomba kazi maabara, mambo ya chuo nikayafikiria baadaye?

JIBU: Marahaba. Usiilipie. Umefaulu kemia na baiolojia, halafu unataka kuziweka kando kwa ajili ya karatasi ambayo hakuna mkuu wa maabara atakayeisoma mpaka mwisho?

Swali hili haliishi kuja, na chini yake kuna dhana ileile: kwamba forensiki ni fani moja yenye siri zake, na ukishafunuliwa siri hizo basi umekuwa mtaalamu. Sivyo. Maabara huajiri mkemia, ikamfundisha kupima dawa za kulevya, sumu au mabaki ya moto. Huajiri mwanabaiolojia, ikamfundisha kazi ya vinasaba. Anayechambua simu na diski ametokea sayansi ya kompyuta, na anayepasua maiti ni daktari kamili aliyebobea katika patholojia. Jinai huja juu ya sayansi ambayo tayari unayo.

Kwa hiyo soma shahada ya kwanza ya kemia, biokemia au baiolojia ya molekuli. Shahada yenye jina la forensiki usiikatae wala usiikimbilie. Omba orodha ya masomo uhesabu saa za maabara. Ukikuta mihula imejaa saikolojia ya wahalifu, na kemia ya uchanganuzi imepewa muhula mmoja, achana nayo. Ukilenga vinasaba, jua kwamba viwango vya ubora vya FBI, shirika la upelelezi la Marekani, vinamtaka mchambuzi awe amesoma biokemia, jenetiki na baiolojia ya molekuli, pamoja na takwimu au jenetiki ya makundi ya watu. Takwimu ndiyo inayokimbiwa na wengi, wakati jibu la vinasaba mahakamani ni namba: mchanganyiko huu wa alama ni adimu kiasi gani? Asiyeweza kueleza namba hiyo imepatikanaje hana alichokwenda kusema kizimbani.

Sasa kozi ya wiki 6 inakupa nini? Chukua kipimo cha damu cha Kastle-Meyer, kinachopendwa sana kwenye video. Pamba inagusishwa kwenye doa, linadondoshwa tone la fenoftalini (kemikali iliyoandaliwa ikawa haina rangi), kisha tone la peroksaidi ya hidrojeni, pamba inageuka waridi, na mwonyeshaji anatangaza "damu!" Hasemi kwamba baada ya fenoftalini unatakiwa kusubiri kwanza. Rangi ikitokea kabla ya peroksaidi, kuna kitu kingine kinachooksidisha, na kipimo hicho hakifai. Ikichelewa dakika nzima baada ya peroksaidi, nayo haihesabiki, kwa sababu mchanganyiko huo hugeuka rangi wenyewe ukiachwa. Na hata waridi likitokea papo hapo, vimeng'enya vya baadhi ya mimea vinaweza kulitoa, na damu ya kuku hulitoa sawasawa na ya mtu. Ndiyo maana ripoti huandika "dalili ya damu". Haiandiki damu ya binadamu, sembuse ya marehemu.

Ufungaji wa vielelezo ni hivyohivyo. Nguo yenye damu mbichi hukaushwa, ikawekwa kwenye mfuko wa karatasi; ndani ya plastiki unyevu hubaki, na bakteria na kuvu huharibu vinasaba. Mabaki ya moto ni kinyume chake: karatasi hupitisha mvuke wa petroli, kwa hiyo huingia kwenye kopo la chuma lenye mfuniko usiopitisha hewa. Haya, shati lenye damu lililomwagiwa petroli utalifunga vipi? Aliyekariri kanuni mbili amekwama. Anayejua sababu zake atalichukua doa la damu peke yake alikaushe, na shati lililobaki alifungie kopo.

Hata ukiwa na shahada, hupewi kesi siku ya kwanza. Utafanya kazi chini ya msimamizi kwa miezi, na katika ulinganishaji wa silaha au alama za vidole yaweza kufika miaka 2, mpaka ufaulu mtihani wa umahiri. Maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, hukupima tena na tena hata baada ya hapo. Kisha wakili wa utetezi anakudodosa chini ya kiapo: umesoma wapi, nani alikupima, umewahi kukosea?

Hapo ndipo vyeti vya kupamba vinapoua. Kule Massachusetts, Marekani, mkemia mmoja wa maabara ya dawa za kulevya alibainika mwaka 2012 kuwa alikuwa akighushi matokeo, tena alidai ana shahada ya uzamili ambayo hakuwa nayo. Mwaka 2017 kesi zaidi ya 21,000 zilifutwa.

Na wauza vyeti hawa wana ndugu zao: wanaojitangaza kuwa "wataalamu" wa kufungua simu ya mwenzi wako au kutambua mwandiko kwa picha ya simu. Simu ikiwashwa tu, kumbukumbu zake zinaanza kubadilika, na ikishika mtandao inaweza kufutwa kwa mbali. Mchunguzi halisi huitenga na mtandao kwanza. Diski huinakili kupitia kifaa kinachozuia kuandikwa, akakokotoa alama ya SHA-256 (namba inayotokana na data yote, ambayo hubadilika data ikiguswa hata kidogo) ya nakala na ya diski yenyewe, nazo lazima zilingane. Ukimpelekea wa mtaani simu yenye ushahidi, usishangae ushahidi huo ukikataliwa.

Kama fedha umeshalipa, malizia kozi na uiandike kwenye wasifu wako kuwa mafunzo ya utangulizi. Neno "mtaalamu" usiliweke karibu nayo, maana wasifu huohuo utasomwa mahakamani.