Mama hajalogwa, dada yangu

Juzi msomaji mmoja kaniandikia. Mama yake kapigwa picha ya kichwa, kakutwa na mshipa wa damu uliovimba, na ndugu wanasema karogwa na mawifi. "Au ni mawazo?" akauliza. Namjibu hapa hapa, maana maneno hayo tuliyasikia kwetu.

Baba yangu alikuwa dereva wa malori, Tanga hadi Rusumo, na sigara haikumtoka mdomoni. Presha alikuwa nayo miaka mingi, ila vidonge alimeza kichwa kikimgonga tu. Uzeeni akaenda kupigwa ultrasaundi kwa ajili ya tezi dume, daktari akaona aota, mshipa mkuu unaoshuka tumboni, umetuna hadi sentimita 6. Kawaida ni kama 2. Na hakuwa na maumivu hata kidogo! Shangazi zangu wakataka apelekwe kwa mganga. Nikakataa mbele ya ukoo mzima, nikaitwa mjuaji, na wapo wasionisalimia mpaka leo. Inaniuma. Lakini baba alipasuliwa, akawekewa mshipa bandia, na msikitini anakwenda kwa miguu yake.

Ukuta wa mshipa una nyuzi za kuuwezesha kutanuka na kurudi. Sigara inazila nyuzi hizo, presha inausukuma ukuta kila moyo unapopiga, na palipolegea panatoa nundu kama tairi bovu. Umri unaongeza hatari. Tumboni huwapata zaidi wanaume, kichwani zaidi wanawake. Albert Einstein, mvuta kiko, alikufa mwaka 1955 baada ya aota yake kupasuka tumboni.

Kwa hiyo jamani, acheni sigara. Dawa ya presha ni ya kila siku, uumwe usiumwe. Nasema tena: kila siku! Na kichwa kikikupasua ghafla, maumivu ambayo hujawahi kuyaona maishani, usilale na panado, kimbia hospitali, huenda mshipa umepasuka.

Dada, hili pia hutembea katika ukoo. Muulize daktari kama mama apimwe figo, kwani kuna ugonjwa wa kurithi wa figo kujaa vifuko vya maji unaokwenda pamoja na mishipa hii. Na kama yupo ndugu wa damu mwingine aliyewahi kuanguka ghafla kwa mshipa kupasuka kichwani, mtaje, kwa sababu huenda nanyi watoto mkahitaji kupigwa picha.